Jacques Cousteau na Mtungi wa Hewa

Wazamiaji wa kale, wakiwemo wale wa lulu wa Ghuba, walishuka baharini kwa pumzi moja tu ya kifuani. Ikiisha, hawana budi kupanda. Aliyewafungulia watu wengi njia nyingine ni Mfaransa Jacques-Yves Cousteau.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, akaingia jeshi la wanamaji. Alitamani urubani, lakini mwaka 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono, na ndoto hiyo ikafa. Akawa akiogelea mjini Toulon ili mikono ipate nguvu. Rafiki yake Philippe Tailliez akampa miwani ya kuzamia. Alipotazama chini ya maji, moyo wake ulinaswa huko.

Mitungi ya hewa iliyoshindiliwa ilikuwako kabla yake. Yves Le Prieur aliitumia, lakini hewa ilimiminika mfululizo ikaisha upesi. Mwishoni mwa mwaka 1942, wakati wa vita, Cousteau alimwendea mhandisi Émile Gagnan jijini Paris. Kwa kuwa petroli ilikuwa adimu, Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi. Wakaigeuza impe mzamiaji hewa pale tu avutapo pumzi, kwa nguvu inayolingana na maji yanayomkandamiza. Mwaka 1943 Cousteau aliogelea chini ya bahari kama samaki, bila bomba la kumfunga na chombo.

Lakini bahari haichezewi. Katika kina cha mita 40 kila pumzi hula hewa mara 5 kuliko juu, na ndani zaidi hewa hiyo hiyo humlevya mtu. Mwaka 1947 mwenzake Maurice Fargues alishuka akitia sahihi vibao vilivyofungwa kwenye kamba. Sahihi yake ya mwisho ilikutwa kwenye mita 120 hivi. Alipovutwa juu, kipumulio kilikuwa kimemtoka mdomoni, wala hakuzinduka tena.

Cousteau aliendelea kuzunguka bahari kwa meli yake Calypso, na mwaka 1956 filamu yake ilipata tuzo kuu ya Cannes. Alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87.

Siku hizi iko mitungi iliyovikwa nyuzi za kaboni, miepesi na yenye kustahimili hewa iliyoshindiliwa zaidi. Hata hivyo mtungi humwongezea mtu muda tu. Kina alichokadiriwa mwanadamu na Mola wake hakikuongezeka, na Fargues alilipa roho yake wenzake wapate kulijua hilo.