ASKOFU EDWARD STEERE NA KISWAHILI CHETU

Katika namba hii tumeona vema kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Edward Steere. Jina la Livingstone wengi wanalijua, juu yeye alipita hapa Maniema. Steere hakufika kwetu hata siku moja. Lakini tukifungua kitabu cha sarufi ya Kiswahili, tuko karibu na kazi yake.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Kwanza alisoma sheria akawa avoka, halafu akaiacha kazi ile, na mwaka 1856 akawekewa mikono katika Kanisa la Anglikana. Mwaka 1863 alifuatana na askofu Tozer kuja Afrika. Misioni yao ilianzishwa kwa mwito wa Livingstone. Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi, lakini homa ilikuwa imekwisha kuua wenzao waliotangulia, hata askofu wa kwanza. Basi mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Unguja kulikuwa soko kubwa la watumwa, na njia ya soko lile ilifika mpaka huku kwetu. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, kando ya Lualaba, mto huu huu unaopita hapa Kindu. Kiswahili chetu kiliingia kwa njia hiyo, pamoja na bunduki na minyororo. Tarehe 15 Julai 1871, pale Nyangwe, Livingstone aliona kwa macho wafanyabiashara wakipiga watu risasi sokoni. Wamama wengi walikufa majini wakitafuta kukimbia. Habari ile ilichoma mioyo ya watu Uingereza, ikasaidia kufunga soko la Unguja.

Siku za kwanza, Sultani Majid alimpa askofu vijana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misioni. Tuyatazame vizuri maneno haya: Sultani alimpa askofu vijana. Ile silabi -m- ni ya nani? Ni ya askofu, yeye aliyepokea. Vijana hawana silabi yao ndani ya tendo. Wamewekwa nyuma, mahali pa kitu, kama vile mtu angepewa mbuzi. Halafu misioni iliwapa vijana vitabu. Sasa silabi -wa- ni yao. Wao ndio wanaopokea, na vitabu ndivyo vitu.

Steere alikuwa mtu wa kusikia mambo madogo kama hayo. Mmisionari Krapf alikuwa ametangulia kuandika sarufi ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1850, lakini yeye alifuata zaidi lugha ya Mombasa. Steere alikaa na watu wa Unguja, akasikiliza hadithi zao, akaandika walivyosema. Alijua pia kazi ya kupiga chapa, na vijana wa misioni wakaijifunza. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi na maneno, kingine cha hadithi za Unguja. Tuseme wazi: Steere hakuziunda silabi hizo, wenyeji walikuwa nazo. Kazi yake ilikuwa kuzisikia, kuzitenga na kuzipanga ili mgeni naye azifahamu.

Alionyesha kwamba Kiswahili kinatia mtu ndani ya tendo: ni, ku, m, tu, wa. Alionyesha pia kwamba tendo likiongezewa -ia au -ea, linakuwa la kumtendea mtu: kuleta na kuletea, kuandika na kuandikia. Tuchukue neno kuuza. Huku kwetu lina taabu yake, juu wengi wakisema kuuza wanataka kusema kununua, na yule anayetafuta feza anauzisha. Hapa tufuate maana ya vitabu. Alimuuzia Juma: Juma amelipa, amekwenda na mali yake. Alimuuza Juma: Juma mwenyewe ndiye mali. Sauti moja ndogo tu, i, inamtenga mnunuzi na mtumwa. Katika mji ule wa Unguja hiyo haikuwa mchezo wa darasani.

Jambo hili linatusaidia hata katika Kifaransa. Mwanafunzi akiandika je l'ai donné un cahier, kalamu nyekundu inapita. Kosa linatoka wapi? Linatoka katika -m- yetu, juu inafanya kazi mbili: nilimwona, nilimpa. Kifaransa kinazigawanya: je l'ai vu, lakini je lui ai donné. Tena je l'ai vendu na je lui ai vendu ni sawa na yale ya Juma. Kispanyolo, lugha ya watu wa Guinea ya Ikweta, nacho kina lo kwa anayetendwa na le kwa anayepokea. Zikikutana, le inageuka se: se lo doy, yaani ninampa hicho. Kiswahili hakina nafasi mbili ndani ya tendo. Hatuwezi kusema nimekimpa. Nafasi ni moja, na tukitoa kitu, anayeipata ni mtu anayepokea. Kitu kinangoja nyuma.

Mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano, na soko la watumwa likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule, jiwe la kwanza la kanisa liliwekwa mahali pale pale watu walipouzwa. Mwaka 1874 Steere akawa askofu, akasimamia mwenyewe ujenzi. Inasemwa kwamba meza ya Bwana iko mahali pa mti ambapo watumwa walipigwa viboko. Mwaka 1876 alipeleka watu waliokombolewa kwenda kuanza kijiji chao Masasi, katika Tanzania ya leo. Tena alitafsiri Agano Jipya. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa lile, nyuma ya madhabahu. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Na mwaka 1928, wakati mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiswahili cha kutumika mashuleni, ulichagua kile cha Unguja.

Wenzetu, mtihani wa Serikali uko mbele yetu. Ukifika kwenye le na lui, usiandike haraka. Uliza kwanza: hapa nani amepokea, na nini kimetolewa? Steere aliuliza vile kwa lugha ya watu wengine. Sisi tuiulize kwa lugha yetu, na tusimweke mtu mahali pa kitu.