NILE KINNICK: ALIKATAA HELA YA MPIRA, VITA IKAMCHUKUA

Mlioko Mwanjelwa, Uyole, Kihesa, Mafinga na kwingineko, leo Simba na Yanga tuziweke pembeni kidogo. Nawaletea maisha ya jamaa mmoja Mmarekani, Nile Kinnick. Najua wengi hamjawahi kumsikia, maana mchezo wake sio soka letu. Ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, wanaoubeba mikononi huku wanagongana kama mafahali. Lakini habari yake inatugusa vijana wa huku, soma hadi mwisho.

Kinnick alizaliwa tarehe 9 Julai 1918 katika mji mdogo wa Adel, jimbo la Iowa. Iowa ni kama kwetu tu, mahindi kila unakogeuka. Babu yake mzaa mama, George Clarke, aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo, lakini jina kubwa halikuzuia shida kuingia nyumbani. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930 na kilimo kikawa hakilipi, baba yake alihamishia familia Omaha, jimbo la Nebraska, kufuata kazi.

Mwaka 1936 kijana akarudi Iowa kusoma chuo kikuu. Alikuwa na futi 5 na inchi 8 tu, na kwa mchezo ule huyo ni mdogo kabisa. Halafu timu yenyewe ilikuwa kibonde. Msimu wa 1937 walishinda mechi moja, na msimu wa 1938 wakashinda moja tena. Basi!

Mwaka 1939 akaja kocha mpya, Eddie Anderson, ambaye pia alikuwa daktari wa binadamu. Mazoezi yake yalikuwa makali kweli kweli, na kikosi kikabaki chembamba. Enzi zile wachezaji walewale ndio walishambulia na ndio walikaba, kwa hiyo wengi wa Iowa walicheza dakika zote 60 bila kupumzishwa. Watu wakawapa jina la Watu wa Chuma.

Sasa angalia tarehe. Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza ikatangaza vita. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo moto ulifika mpaka huku kwetu. Wajerumani waliokuwa na mashamba Iringa, Mufindi na Mbeya walikamatwa, mashamba yakashikiliwa na serikali. Baadaye vijana wa Tanganyika wakaingizwa Keya, wakapelekwa kupigana Abisinia, Madagaska na Bama. Na kule Ifunda ikajengwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland hiyohiyo. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Mwezi uleule wa Septemba, tarehe 30, vijana wa Iowa walikuwa wanafungua msimu wao.

Na ulikuwa msimu wa ajabu. Waliichapa South Dakota 41-0, wakaifunga Indiana 32-29, wakapigwa na Michigan 27-7, halafu wakaamka tena. Novemba 11 ikaja Notre Dame, timu tishio Marekani nzima. Iowa ikashinda 7-6, na pointi zote 7 alifunga Kinnick peke yake. Wiki moja baadaye walikuwa nyuma 9-0 dhidi ya Minnesota hadi robo ya mwisho, Kinnick akarusha pasi mbili za mabao, mechi ikaisha 13-9. Alicheza dakika 402 mfululizo kabla ya kuumia bega kwenye mechi ya mwisho, sare ya 7-7 na Northwestern. Timu ilifunga pointi 130 msimu mzima, na yeye alihusika katika 107. Kwa wanaojua historia ya Tukuyu Stars kubeba ubingwa wa Bara mwaka 1986, nadhani mnaelewa raha yake.

Desemba akapewa tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo. Kwenye hotuba yake New York alimshukuru Mungu kwamba amezaliwa sehemu ambayo kijana anapigania ushindi uwanjani, wakati wenzake wa Ulaya wanapigania uhai vitani. Ukumbi mzima ulimshangilia. Hapo ana miaka 21.

Timu ya kulipwa ya Brooklyn Dodgers ilimtaka, na mshiko ulikuwepo. Akakataa. Alirudi chuoni kusoma sheria huku akisaidia kufundisha timu. Wapo watakaosema alichezea bahati. Mimi niliyemaliza shule ya sekondari na kukuta kitaa kinanisubiri naliona tofauti. Jamaa alijua mpira una mwisho, akataka kitu cha kusimamia baada ya makofi kunyamaza.

Lakini vita haikumwacha. Alijiunga na urubani wa jeshi la majini, akaripoti kazini tarehe 4 Desemba 1941. Siku tatu tu baadaye Japani ikashambulia Pearl Harbor. Tarehe 2 Juni 1943 alikuwa kwenye mazoezi karibu na Venezuela, akiruka kutoka meli ya USS Lexington. Ndege yake ikaanza kuvuja mafuta. Hakurudi kutua melini, akaishusha baharini. Waokoaji walipofika walikuta mafuta yanaelea juu ya maji. Mwili wake haukupatikana hadi leo. Alikuwa na miaka 24, namba ileile ya jezi yake.

Kinachouma ni kwamba yule aliyeshukuru kwa kuwa uwanjani badala ya vitani, vita ndiyo iliyommaliza, tena hata bila kupigwa risasi.

Mwaka 1972 uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa, unaoingiza karibu watu 70,000, ukapewa jina lake. Sisi tuna Sokoine hapa Mbeya na Samora pale Iringa, viongozi waliofia ajalini, mmoja ya gari 1984 na mwingine ya ndege 1986. Heshima yao haina mjadala. Ila nawaza wale babu zetu wa Keya waliobaki Bama. Bila shaka na wao walikuwepo waliocheza mpira, tena pekupeku. Majina yao tunayajua wangapi?

Kama kwenu kuna mzee anayewakumbuka, muulize kabla hajaondoka. Na niambieni hapo chini: ungekuwa wewe ndiye Kinnick mwaka 1940, ungechukua hela au ungerudi darasani? Karibuni tuchangie, matusi hapana.