Susanna Wesley, Mwalimu wa Epworth

Wanachuo wengi wamepata kusikia habari za John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na za nduguye Charles, mtunzi wa nyimbo za kanisa. Ni wachache wamjuao mwalimu wao wa kwanza, yaani mama yao.

Susanna Annesley alizaliwa London mwaka 1669, binti wa mchungaji. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Epworth, mashariki ya Uingereza. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wangali wachanga. Mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa ajili ya madeni. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto.

Katika dhiki hiyo Susanna aliendesha shule nyumbani kwa muda wa miaka 20. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano. Siku ya kwanza alijifunza herufi zote. Siku ya pili alianza Kitabu cha Mwanzo, akaurudia mstari wa kwanza mpaka ausome bila kusita, ndipo aendelee na wa pili. Mabinti wawili walihitaji siku moja na nusu kuzijua herufi. Mama yao aliwadhania kuwa wazito, lakini alipoona jinsi watoto wa watu wengine wanavyokawia, alibadili fikira zake. Tena aliweka kanuni kwamba msichana asifundishwe kazi za mikono kabla hajaweza kusoma vizuri. Baada ya moto ule, kila mtoto alitengewa jioni yake ya kuzungumza na mama faraghani.

Majira ya baridi ya 1711 hadi 1712, mumewe akiwa London, Susanna alisoma sala na mahubiri jikoni kila Jumapili jioni kwa ajili ya watoto na watumishi. Majirani wakaomba kuhudhuria, hata wakafikia 200 hivi. Kasisi msaidizi alilalamika, na mumewe akamshauri aache. Susanna alijibu kwamba ushauri hautoshi: kama ataka mikutano ikome, na atoe amri waziwazi, ili yeye mwenyewe aubebe wajibu huo mbele ya Mungu. Mikutano ikaendelea.

John, aliyekuwa na umri wa miaka minane, aliyaona hayo. Alipokuwa kiongozi, wanawake waliongoza vikundi vya waumini, naye akawaruhusu Sarah Crosby, mwaka 1761, na Mary Bosanquet, mwaka 1771, kusema mbele ya makutano.

Susanna alifariki London mwezi Julai 1742. Ukali wake, wa kumzoeza mtoto mdogo kuogopa fimbo, tusiufuate. Lakini tufuate subira yake ya kukamilisha hatua moja kabla ya nyingine. Mwenye darasa la watoto 60 hawezi kumpa kila mmoja jioni yake. Hata hivyo, akizungumza na wawili kila siku ya masomo, baada ya wiki sita atakuwa amewafikia wote.