Robert Raikes, Mpiga Chapa wa Gloucester

Wasomaji wetu wengi wamelelewa katika shule ya Jumapili, na wengine hufundisha humo, walakini si wote wamjuao mtu aliyeieneza. Basi twataka kueleza kwa ufupi maisha ya Robert Raikes, kwa kuwa yatuonyesha jinsi saa zilizo nje ya kazi na darasa ziwezavyo kumjenga mtoto au kumharibu.

Raikes alizaliwa mwaka 1736 katika mji wa Gloucester, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mpiga chapa, mwenye gazeti la mji ule. Mwaka 1757 baba akafariki, na mwana, akiwa bado kijana, akairithi kazi yote.

Kwa miaka mingi alijishughulisha na wafungwa. Siku zile gereza lilikuwa mahali pa njaa na homa. Wenye deni na wezi walifungwa pamoja. Raikes aliwasaidia kwa chakula, akawaombea fedha kwa wasomaji wa gazeti lake, akataka wafundishwe kusoma. Lakini kadiri alivyowatazama, ndivyo alivyotambua ya kuwa msaada ule umechelewa. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Katika Gloucester vilikuwako viwanda vya pini, na watoto wengi wa maskini walifanya kazi humo siku sita za juma. Shule ya siku za kazi haikuwafaa, maana hawakuwa na nafasi. Siku ya saba walikuwa huru, wala hapakuwa na mtu wa kuwaangalia. Wakajaa njiani, wakacheza, wakapigana na kutukanana. Siku moja Raikes alipita mtaa wao kwa shughuli zake, akawaona katika matambara yao, akahuzunika. Mwanamke wa mtaa akamwambia ya kuwa Jumapili hali huwa mbaya zaidi.

Hakuishia katika kusikitika. Mwaka 1780, pamoja na kasisi Thomas Stock, alianzisha shule ya Jumapili. Akawatafuta wanawake wenye adabu wa mitaa ile waliojua kufundisha kusoma, akawalipa shilingi moja kila mmoja kwa siku. Watoto walifika baada ya saa nne asubuhi, wakakaa mpaka saa sita. Wakaenda nyumbani, wakarudi saa saba. Wakasoma, wakaenda kanisani, kisha wakajifunza katekisimo hata baada ya saa kumi na moja. Wengine waliona haya kuja kwa sababu ya nguo zao mbovu. Raikes hakudai nguo nzuri wala viatu. Alitaka mikono safi, uso safi, na nywele zilizochanwa. Waliojitahidi aliwapa zawadi ndogo, kama kitabu au kitana.

Hatusemi ya kuwa yeye alikuwa wa kwanza. Hannah Ball alikwisha kufungua shule ya namna hii katika mji wa High Wycombe mwaka 1769. Lakini Raikes alikuwa na gazeti. Mwezi wa Novemba 1783 alichapa habari za kazi ile, pasipo kulitaja jina lake mwenyewe, na habari hizo zikaenea nchi nzima.

Wapinzani hawakukosekana. Wengine walisema kufundisha kusoma ni kuivunja siku ya Bwana. Wengine waliogopa ya kuwa maskini ajuaye kusoma ataidharau kazi yake. Hata hivyo kufikia mwaka 1831 shule hizo zilikuwa na watoto wapatao 1,250,000 katika Uingereza na nchi jirani za kisiwa kile. Ilikuwa miaka karibu 40 kabla ya sheria ya 1870 iliyoamuru pawepo shule za kutosha kwa watoto wote wa Uingereza.

Wala tusimsifu kupita kiasi. Shule yake haikuwatoa watoto kiwandani. Jumatatu walirudi kwenye pini zao. Lakini walirudi wakijua herufi, na wakijua ya kuwa yuko mtu mzima awajuaye kwa majina, atakayewangojea tena Jumapili.

Raikes alifariki tarehe 5 Aprili 1811. Alikuwa ameagiza ya kuwa watoto wa shule ya Jumapili wafuate jeneza lake, na kila mmoja apewe shilingi moja na mkate mtamu wa zabibu.

Ninyi walimu mnaolea vijana, angalieni kazi hii ilivyoanza: chumba cha jirani, saa zijulikanazo, mwalimu asiyekosa kufika, na mlango usiofungwa kwa ajili ya nguo mbovu. Vitu hivi havihitaji mali nyingi. Kila mtaa una watoto ambao darasa haliwafikii, au likiwafikia huwaacha saa nyingi bila mwangalizi. Tujiulize saa hizo wako wapi, na ni nani aliye pamoja nao.