Mjamzito akiketi, mwili wake bado uko kazini

Mama, mimba yako imefika mwezi wa saba. Umeketi kivulini nje ya nyumba, iwe Rulenge au Nyakahura, na jembe hujaligusa tangu asubuhi. Hata hivyo unaona joto, pumzi inakwenda haraka na njaa imerudi muda mfupi baada ya kula. Jirani anapita na kusema mimba imekufanya mvivu. Leo nakusimulia maisha ya mtu ambaye kazi yake inamjibu jirani huyo.

Jina lake ni Antoine Lavoisier. Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1743, na mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo. Alisomea sheria kama baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia. Mwaka 1768 aliingia katika kampuni iliyokusanya kodi za mfalme. Fedha za huko zilimnunulia vyombo vya utafiti, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumponza. Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, aliyekuwa na miaka 13 tu, umri ambao leo hatuukubali kwa ndoa wala kwa mimba. Marie-Anne alijifunza Kiingereza, akamtafsiria mumewe vitabu na kumchorea vyombo vyake.

Wakati huo wengi waliamini kwamba tunavuta hewa ili kupoza damu. Katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kama sungura, ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Simbilisi alikaa tu, lakini barafu iliyeyuka. Wakapima maji yaliyotoka, wakalinganisha na joto la mkaa unaowaka. Lavoisier akafikia uamuzi kwamba kupumua ni kuungua polepole: chakula ndicho kuni, na oksijeni ndiyo inayowezesha moto kuwaka.

Miaka michache baadaye alimpima binadamu, kijana msaidizi wake Armand Seguin. Alipima oksijeni aliyotumia akiwa ametulia na hajala, kisha baada ya kula, kisha akifanya kazi. Marie-Anne alichora tukio hilo na kujichora mwenyewe mezani, akiandika. Matumizi yalipanda baada ya chakula na yakapanda zaidi kwenye kazi. Lakini hata Seguin alipotulia kabisa hayakufika sifuri. Mwili uliopumzika nao una gharama yake.

Hapo Lavoisier alijiuliza swali lililozidi kemia: kwa nini maskini anayefanya kazi ngumu, ambaye mwili wake unaunguza zaidi, ndiye apate chakula kidogo kuliko tajiri aliyekaa? Hakupata muda wa kulimaliza. Mapinduzi yalipopamba moto, wakusanya kodi walikamatwa, na tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa, siku moja na baba mkwe wake. Alikuwa na miaka 50. Mjane wake ndiye aliyechapisha na kugawa maandishi yake ya mwisho.

Lavoisier hakupima wajawazito, ila waliomfuata walipima kwa njia hiyohiyo ya hewa. Mwanamke kijana wa kilo 55 hutumia takriban kilokalori 1,300 kwa siku hata akilala tu. Akipata mimba, matumizi hayo ya mapumzikoni huongezeka kwa wastani wa asilimia 5 katika miezi mitatu ya kwanza, 10 katika mitatu inayofuata, na 25 katika mitatu ya mwisho. Moyo unasukuma damu zaidi, mapafu na figo vinafanya kazi zaidi, mtoto na kondo la nyuma vinakula. Ndiyo sababu ya joto lako na njaa yako.

Chakula kikikosekana, mwili hubana matumizi. Huko Gambia, wanawake wa kijijini waliokula kidogo walipimwa, na matumizi yao ya mapumzikoni yakashuka katika miezi ya mwanzo ya mimba. Mama huvumilia, lakini mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Walipopewa chakula cha nyongeza, uzito wa watoto uliongezeka.

Kwa hiyo, mama, katika miezi mitatu ya mwisho ongeza takriban kilokalori 475 kwa siku. Hiyo ni karibu sahani moja ya ndizi na maharage. Ongeza karanga, dagaa na mboga za majani. Nawe baba, msimu wa kupalilia usisubiri mkeo aombe: beba ndoo ya maji na kuni, na hakikisha anapata sahani yake kabla sufuria haijaisha.

Usichanganye joto hili na ugonjwa. Homa, kichwa kuuma sana, moyo kwenda mbio ukiwa umeketi, weupe wa viganja, kukosa pumzi au kupungua uzito si hali ya kawaida ya mimba. Inaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au tatizo lingine. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na usikose kliniki.

Jirani akirudi, mwambie umeketi, ndiyo, lakini hujaacha kazi.