Albert Cook: Tabibu wa Mengo aliyeturithisha daftari

MUUGUZI anapomhudumia mgonjwa katika kituo cha afya cha kijijini, kwa mfano kule Matinyani, Kitui Magharibi, huandika mambo machache katika daftari: tarehe, umri, maradhi na dawa alizotoa. Mgonjwa huenda zake nyumbani na daftari likafungwa. Ni wachache wanaojiuliza daftari hilo litakuwa wapi baada ya miaka 60, na ni nani atakayekuwa na ujuzi wa kulitafuta na kulisoma.

Swali hilo lilipata jibu katika nchi jirani ya Uganda, kupitia maisha ya daktari Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1951. Sir Albert Ruskin Cook hukumbukwa na wengi kama mwasisi wa Hospitali ya Mengo, Kampala. Wachache zaidi humkumbuka kama mtu aliyeandika habari za wagonjwa wake bila kuchoka, na ambaye jina lake lilipewa maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Cook alizaliwa Machi 22, 1870, katika mtaa wa Hampstead, London. Alisoma katika Chuo cha Trinity, Cambridge, kisha akafunzwa udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London. Angeweza kubaki huko na kuishi maisha ya starehe kama matabibu wengi wa tabaka lake. Badala yake alijiunga na chama cha wamishenari wa Kanisa la Anglikana cha CMS, na mwaka wa 1896 akaianza safari ya kuja Afrika Mashariki.

Wakati huo ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa ndio kwanza umeanza, na ingechukua miaka mingine mitano kabla ya kufika ziwani. Wasafiri walitegemea miguu yao na mabega ya wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka pwani ilikatiza nchi ya Wakamba, ikapitia Kibwezi, mahali ambapo leo ni katika Kaunti ya Makueni, kabla ya kupanda nyanda za juu na kuteremka hadi Ziwa Victoria. Kundi la Cook liliwasili Mengo Februari 1897.

Katika kundi hilo alikuwemo muuguzi aliyeitwa Katharine Timpson. Wawili hao walifunga ndoa mwaka wa 1900 na wakafanya kazi bega kwa bega hadi Katharine alipofariki mwaka wa 1938. Ni vigumu kuyasimulia maisha ya mmoja wao bila kumtaja mwingine.

Hospitali ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1897, ilikuwa jengo la kawaida lililojengwa kwa vifaa vya pale pale. Wagonjwa walikuwa wengi mno kuliko nafasi. Mwaka wa 1899 kaka na mdogo waliungana, kwani ndugu yake Albert, Dkt John Howard Cook, alifika Mengo kumsaidia. Jengo kubwa zaidi lilifunguliwa mwaka wa 1900, lakini mwaka wa 1902 radi ililipiga na likateketea. Ndugu hao hawakukata tamaa, walijenga upya.

Mwaka wa 1901 Cook na nduguye walikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kutambua kuwa ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia Uganda. Ugonjwa huo uliwaua watu wengi sana kandokando ya ziwa katika miaka iliyofuata. Aliyeugundua alihitaji macho makali na hadubini, lakini alihitaji pia tabia ya kulinganisha mgonjwa wa leo na yule wa mwezi uliopita. Kulinganisha huko hakuwezekani pasipo maandishi.

Hapo ndipo ilipo siri ya Cook. Kwa kila mgonjwa aliyelazwa aliandika maelezo kwa mkono wake: alivyolalamika, alivyoonekana alipopimwa, alivyotibiwa, na alivyotoka, awe amepona au amekufa. Wenzake na warithi wake waliendeleza mtindo huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Cook aliyafanya maradhi kuwa mali isiyopotea.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kuandika tu. Alitambua mapema kuwa madaktari wachache kutoka Ulaya hawangeweza kamwe kuitibu nchi nzima. Wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, mwaka wa 1917, alianza kuwafunza Waafrika kazi ya usaidizi wa daktari pale Mengo. Katharine naye alisimamia mafunzo ya wakunga, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shule ya wakunga iliyoitwa kwa jina la Lady Coryndon ilikuwa imesimama imara.

Wanafunzi wa shule hiyo wengi hawakujua Kiingereza. Cook na mkewe hawakuwasubiri wakijue. Walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, kilichochapishwa katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo Cook alikuwa amekwisha kukusanya msamiati wa tiba wa lugha hiyo. Kwa hivyo mkunga aliporejea kijijini alikuwa na kitabu mkononi, katika lugha aliyoiota usiku. Hiyo ilikuwa maktaba ndogo, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Haifai kumpamba marehemu kuliko alivyokuwa. Cook alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na alishiriki makosa ya enzi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, yeye pamoja na maafisa wa serikali waliamini kuwa kaswende ilikuwa imeenea kupita kiasi Buganda, na imani hiyo ikazaa kampeni kali za upimaji na mahubiri kuhusu maadili. Watafiti wa baadaye walisema makadirio yale yalikuwa ya juu mno, na kwamba huenda baadhi ya wagonjwa walikuwa na buba, ugonjwa unaofanana na kaswende lakini usioambukizwa kwa zinaa.

Lakini ni vyema kutafakari jambo hili: kosa la tabibu aliyeandika laweza kuchunguzwa na kusahihishwa. Kosa la tabibu asiyeandika huzikwa naye.

Cook alistaafu katika miaka ya 1930. Mwaka wa 1932 alitunukiwa cheo cha Sir. Hakurejea Uingereza kuumalizia uzee wake. Alibaki Kampala, na mwaka wa 1945 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa. Alifariki Aprili 1951 akiwa na umri wa miaka 81, baada ya kuishi Uganda zaidi ya nusu karne.

Matunda ya daftari lake yalionekana hasa baada ya kifo chake. Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Wengi walijiuliza kama ulikuwa ugonjwa mpya. Kumbukumbu za Mengo zilionyesha kuwa watoto wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa wamepita mikononi mwa Cook miongo mingi kabla.

Mwaka wa 1964 mtaalamu wa maradhi J. N. P. Davies na wenzake walichapisha uchunguzi wa saratani zilizoandikwa Mengo tangu 1897 hadi 1956. Ni hospitali chache barani Afrika ambazo zingeweza kutoa habari za miaka 60 mfululizo. Dhana kwamba saratani ni maradhi mageni kwa Mwafrika ilipata pigo kubwa, na aliyeitoa hoja alikuwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Ila karatasi hazijitunzi zenyewe. Mchwa, unyevunyevu na vita havichagui. Majalada ya Cook yalihifadhiwa katika maktaba ya tiba ya Makerere iliyoko Mulago, iitwayo kwa jina lake, na yakavuka miaka migumu ya 1970 na 1980 kwa sababu walikuwepo watu waliojua thamani yake. Watu hao ni wakutubi.

Kazi ya mkutubi wa sayansi za afya ni taaluma yenye mafunzo yake. Marekani, chama cha maktaba za tiba kiliundwa na madaktari pamoja na wakutubi mwaka wa 1898, mwaka mmoja tu baada ya Cook kufika Mengo. Katika Afrika Mashariki, shule ya ukutubi ilifunguliwa Makerere mwaka wa 1963 kuhudumia nchi za eneo hili, na wakutubi wengi wa Kenya walipitia huko kabla ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuanza mafunzo yake katika miaka ya 1980.

Shule hizo zilifundisha kuainisha na kuorodhesha vitabu vya kila aina. Lakini anayemhudumia daktari huhitaji zaidi ya hapo. Sharti ajue majina ya maradhi na dawa, aweze kupekua hazina za makala za tiba, apambanue utafiti imara na ule dhaifu, na amfundishe mwanafunzi wa uuguzi kufanya hayo mwenyewe. Ujuzi huo wengi waliupata kazini, katika maktaba kama ile ya Mulago. Chama cha wakutubi wa afya barani Afrika, AHILA, kilichoundwa mwaka wa 1984, kiliwapa mahali pa kukutana na kufundishana. Tangu mwaka wa 2002 mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba kupitia intaneti, lakini mlango uliofunguliwa haumfai asiyeonyeshwa njia ya kuufikia.

Kitui ina chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, na kule Kwa Vonza kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Kijana wa Matinyani anayependa vitabu na vilevile kupenda kuona watu wakipona hana haja ya kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili. Ipo kazi inayoviunganisha, nayo inahitaji watu waliofunzwa.

Cook alijenga hospitali, na wengine pia walijenga. Kilichomtofautisha ni kwamba kila jioni, baada ya mgonjwa wa mwisho, aliketi na kuandika. Daftari la muuguzi wa Matinyani laweza kuwafaa wajukuu zetu vivyo hivyo, iwapo leo tutamwandaa atakayelitunza.