Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Yatima Aliyelelewa na Walimu

Jamaa zetu wa Mombasa, mlio nyumbani na mlio mbali,

Ni desturi yetu katika kijitabu hiki cha kila mwaka kumkumbuka mmoja wa watu wa mji wetu waliotangulia mbele ya haki, kabla hatujafungua daftari la michango. Mwaka huu fungu kubwa la mchango tumelikusudia walimu, wa vyuo vya Qurani na wa shule zetu. Basi tumeona aliyestahili kutajwa ni mwalimu, tena mwalimu ambaye bila ya walimu wenzake waliomtangulia pengine tusingelijua hata jina lake.

Vijana wetu wengi wakisikia jina la Mazrui humfikiria Profesa Ali. Hilo si kosa, lakini wazee wa mji huu walimjua kwanza baba yake, Sheikh Al-Amin.

Mtoto wa mwanachuoni

Sheikh Al-Amin alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ulioutawala mji huu kwa takriban karne nzima hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa. Alipozaliwa, utawala ulikuwa hadithi ya mababu. Urithi uliobaki ulikuwa ilimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, aliyewahi kutiwa gerezani zama za Seyyid Barghash kwa sababu ya mafundisho yake.

Urithi huo nao ulikaribia kumpita. Baba alifariki mtoto akiwa hajafikisha hata miaka mitano. Na ilikuwa miaka mizito. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, wa ukoo huo huo wa Mazrui, akashika silaha kupigana nao, na mwaka 1896 akakimbilia upande wa Wajerumani. Mwaka huo pia reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kuelekea bara. Mji ulijaa wageni, kazi mpya na fedha mpya. Yatima mdogo, wa ukoo ulioshindwa vita, angeweza kupotea kabisa katika msukosuko ule.

Aliyemshika mkono ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alimlea kama mwanawe na kumsomesha yeye mwenyewe. Kazi ya kumfundisha mtoto herufi, sarufi ya Kiarabu na fiqhi, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, haina sherehe wala wapiga picha. Lakini yote tutakayoyasimulia baadaye yalianzia hapo.

Walimu wa Unguja

Msingi ulipokwisha kuwekwa, kijana alivuka kwenda Unguja, ambako siku zile ndiko kulikokuwa na wanavyuoni mashuhuri wa pwani yote. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit na kwa Sheikh Abdallah Bakathir.

Bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861 na alikuwa kadhi wa Unguja. Hakujifungia katika kisiwa chake. Aliandikiana barua na wanavyuoni wa nchi za mbali, akiwemo Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyekuwa akiwahimiza Waislamu warudie asili ya dini yao na papo hapo waitafute ilimu ya zama zao. Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa kusomesha, akasafiri mpaka Cape Town, Afrika Kusini, kwa kazi hiyo hiyo ya ualimu.

Wote wawili walifariki mwaka 1925. Wakati huo mwanafunzi wao alikuwa mtu mzima wa miaka 30 na kitu, na deni lao hakuweza tena kuwalipa wao. Alililipa kwa watu wa Mombasa.

Mwalimu wa mji mzima

Sheikh Al-Amin alisomesha darsa kwa wanafunzi walioketi mbele yake, lakini aliona kwamba mji ni mkubwa kuliko darsa. Mwaka 1930 akaanzisha gazeti dogo aliloliita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jingine, al-Islah. Wanavyuoni wa zama zake waliandika mambo mazito kwa Kiarabu, wakasomana wao kwa wao. Yeye alichagua Kiswahili, tena Kiswahili cha kawaida cha mji, ili maneno yamfikie mtu aliye dukani na aliye bandarini. Aliandika pia vitabu vidogo vya kuwasomeshea watoto dini.

Aliyoyaandika hayakuwa ya kubembeleza. Aliwaambia watu wa pwani kwamba wamelala huku wenzao wanakwenda. Alitaka tujenge shule zetu wenyewe, watoto wasome dini pamoja na ilimu za dunia, na wasichana wasiachwe nyuma. Alikemea mali inayoteketea katika arusi na matanga huku mtoto wa nyumba hiyo hiyo hana ada ya kusomea. Alionya vilevile dhidi ya kumuiga Mzungu katika mavazi na starehe, tukaacha kumuiga katika bidii na mpango wa kazi.

Si wote waliofurahi. Walikuwapo waliomwona anavunja ada za wazee, na mabishano yale hayakwisha upesi. Hata hivyo makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na anayekisoma leo ataona mengi yanayotuhusu sisi, si wazee wetu peke yao.

Aliwahi kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hakikumtoa katika kusomesha na kuandika. Alianza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, na akaandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Alifariki mwaka 1947, akiwa na miaka 56 hivi, na kazi zote hizo mbili hazijachapishwa.

Wanafunzi waliobaki

Hapa ndipo penye somo tulilolitaka. Mfanyabiashara akifa na mzigo uko njiani, mara nyingi mzigo hupotea. Mwalimu akifa, mzigo wake una wenyewe.

Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyesoma kwake, aliishughulikia tafsiri ile ya mwalimu wake mpaka ikawafikia wasomaji. Mwanafunzi wake mwingine, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, alikamilisha tafsiri ya Qurani nzima kwa Kiswahili, ambayo ilitolewa mwaka 1969 na mpaka leo imo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Farsy huyo huyo aliandika kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa pwani, na kwa sababu ya kitabu hicho tunawajua walimu wengi ambao wangesahauliwa. Ile historia ya Mazrui nayo ilifasiriwa kwa Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995, karibu nusu karne baada ya mwandishi wake kuzikwa.

Na kiti cha Kadhi Mkuu? Muhammad Kasim alikikalia kuanzia 1963 hadi 1968, akafuatiwa na Farsy hadi 1980. Wanafunzi wawili, mmoja baada ya mwingine, walikaa mahali alipokaa mwalimu wao.

Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14 tu baba alipofariki. Naye alibaki yatima, na mtihani wake wa sekondari haukuwa wa kujivunia: alipata daraja la tatu. Akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha elimu ya Waislamu hapa Mombasa, mpaka gavana aliposikia hotuba yake, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Alifika Oxford, akawa profesa Makerere, kisha Marekani. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa akazikwa kwetu, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Baba na mwana, kila mmoja aliinuka kwa sababu palikuwa na mtu mzima aliyemtazama mtoto asiye na baba akaona kwamba anafaa kusomeshwa.

Tunachowaomba

Jamaa zetu, kumshukuru mwalimu kwa mdomo ni rahisi, nasi hatuna upungufu wa maneno mazuri. Lakini mwalimu wa chuo mtaani bado anategemea ada ndogo ya mtoto, na mzazi akichelewa kulipa, yeye hana wa kumdai. Mwalimu wa shule anayebaki na watoto wazito baada ya kengele halipwi saa ile. Wakichoka hao, Al-Amin wa kesho, aliye yatima leo katika mtaa mmojawapo wa mji huu, atashikwa mkono na nani?

Fomu ya mchango iko mwisho wa kijitabu. Safari hii tumeongeza mstari mmoja chini ya jina lako: jina la mwalimu aliyekufundisha kusoma. Liandike, awe hai au amefariki, awe mashuhuri au asijulikane ila na ninyi mliokaa mbele yake. Mchango wako tutaupokea kwa jina lake, na majina yote tutayasoma siku ya mkutano mkuu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wetu wote.